Alama Nne kwenye Puli ya Bi Mwanahawa

Hakuna kitu cha gari kinachoweza kunishangaza mimi. Nimeshafungua injini nikakuta panya amezaa kwenye njia ya hewa. Nimeshaletewa lori lililotiwa mafuta ya kupikia mahali pa oili, na mwenye lori akanikasirikia mimi. Nimeshampokea mtu aliyetoka Mlandizi mpaka Kibaha bila breki, akashuka akanisalimia kama kawaida na kuuliza kama nina maji ya kunywa. Shule niliishia la saba. Gereji yangu ya Tangini, hapa Kibaha, sikurithi na sikukopeshwa, niliijenga bati moja baada ya jingine. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaochomeka kompyuta kwenye gari na kusomewa ugonjwa kwenye kioo, siwacheki, ila kaeni niwaeleze kazi ilivyokuwa, maana niliifanya na niliifanya vizuri kuliko wengi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Kisarawe, kwenye gereji ya Mzee Kondo. Yeye alitaka aitwe Fundi Mkuu, na hata mkewe alimwita hivyo mbele ya wateja. Nilifika asubuhi nimevaa shati la kuchakaa, tayari kwa kazi.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba. Weka mikono nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma yako, kwani una nyuma ngapi? Leo hushiki spana. Leo unasikiliza."

Akawasha pikapu moja ya petroli, akainua boneti, akalegeza nati ya distributa. Distributa ni kile chombo chenye kofia nyeusi na waya kama miguu ya buibui, ndicho kinachogawa moto kwa plagi, kila plagi kwa zamu yake. Akakizungusha kidogo kulia, injini ikaanza kulia ting-ting-ting kama kokoto ndani ya kopo. "Hapo moto unawahi," akasema. "Plagi inachoma kabla pistoni haijafika juu. Ni sawa na mtu anapanda ngazi, wewe unampiga kichwani." Akakizungusha kushoto, injini ikawa nzito, ikakoroma, bomba la moshi likapata moto. "Hapo unachelewa. Nguvu yote inatokea kwenye eksozi." Kisha akarudi katikati, taratibu, mpaka sauti ikawa moja, safi. "Na hapo?"

"Hapo pametulia."

"Hiyo ndiyo taimingi. Sasa rudi nyumbani, kesho uje na masikio yaleyale."

Ndivyo nilivyoanza. Mzee Kondo alinifundisha pia karatasi ya sigara. Ndani ya distributa za zamani kuna pointi, yaani vidomo viwili vya chuma vinavyofungana na kuachana. Vikiachana tu, cheche inaruka kwenye plagi. Unabana kipande cha karatasi ya sigara katikati yake, unaivuta kidogo kidogo huku unazungusha distributa. Karatasi ikiachiwa, hapo ndipo moto unapotokea. Hakuna betri, hakuna taa, ni karatasi tu. Mimi sivuti, lakini karatasi ile sikuwahi kuikosa mfukoni mpaka juzi.

Kutoka hapo nilihamia Kibaha, kwenye karakana ya kampuni moja ya kutengeneza barabara. Bosi wangu alikuwa Msimamizi wa Karakana, mtu mrefu aliyevaa tai hata jua likichoma. Yeye alikuwa na taa ya taimingi. Unaiunganisha kwenye waya wa plagi ya kwanza, unamulika puli, lile gurudumu lililo mbele ya injini linalozungusha mkanda wa feni na pampu ya maji. Taa inawaka na kuzima kwa mapigo ya injini, na ile alama kwenye puli unaiona kama imesimama, ingawa puli inazunguka kama kichaa. Unasogeza distributa mpaka alama ikae mahali pake.

"Hapa hatutengenezi kwa sikio, Rajabu," aliniambia. "Hapa tunatengeneza kwa alama."

"Na mimi masikio niyapeleke wapi, bwana?"

"Yatumie kunisikiliza mimi."

Alikuwa mkali, lakini alinipa kitu. Nikawa na sikio la Kisarawe na taa ya Kibaha, na kati ya mafundi wa upande wetu hakukuwa na mwingine mwenye vyote viwili. Nikaacha kazi ya kuajiriwa, nikafungua gereji yangu.

Desturi moja lazima muielewe. Sisi mafundi wa huku, ukishaweka taimingi ya gari, unatia alama yako kwenye puli kwa rangi yako. Yangu ilikuwa kijani. Mwingine alitumia nyeupe, mwingine rangi ya kucha ya mkewe. Ni kama sahihi. Fundi anayekuja baadaye akiiona anajua nani alipita, na mara nyingi anaifuata bila kuuliza. Ndivyo tulivyoheshimiana, na pia ndivyo tulivyofanya uvivu.

Sasa, Bi Mwanahawa. Huyu ni mama wa Chole, Kisarawe, mkulima wa mihogo, ambaye pikapu yake aliinunua kwa korosho zake mwenyewe, hakuna mwanamume aliyechangia hata tairi. Nyeupe, ya petroli, ya zamani. Jumatano moja aliingia nayo gerejini kwangu ikitoa mvuke mbele kama sufuria ya wali, na pembeni yake, kwenye siti ya abiria, amekaa Mussa Mizani kama bwana harusi. Mussa ni mnunuzi wa vyuma chakavu wa Mlandizi. Tunamwita Mizani kwa sababu hatembei bila mizani yake.

"Fundi Rajabu," akasema Bi Mwanahawa, "wewe ni wa tano. Wanne wamenila. Sikuja kwako kwa kukuamini, nimekuja kwa sababu umebaki peke yako."

"Karibu, dada. Inafanyaje?"

"Tambarare inakwenda vizuri. Ikifika Shusha na mzigo, inagonga, inachemka, inasimama."

Shusha ni kilima kwenye njia ya kutoka Chole, kabla ya Vihingo. Kimeitwa hivyo kwa sababu gari lililochoka lazima lishushe mzigo chini ndipo lipande. Pale chini wanakaa vijana wa kubeba magunia kwa ujira. Gari lako likiwa zima, wanakuchukia.

"Wale vijana wananijua kwa jina," akaendelea. "Wakiona vumbi langu wanavaa kandambili. Sasa sikiliza. Jumamosi nina mihogo ya mnunuzi wa hapa Kibaha. Nimemchelewesha mara mbili, ameniambia ya tatu nisimwonyeshe sura. Mihogo ikifika Jumamosi, gari langu linabaki na biashara yangu inabaki. Isipofika, Mussa analichukua. Bei tumeshapatana."

"Nami sina haraka," akasema Mussa. "Fundi, itengeneze taratibu tu, usiipunguze uzito. Mimi nanunua kwa kilo."

Watu wote gerejini wakacheka. Deo, fundi niliyekuwa nafanya naye kazi, alicheka mpaka akaacha spana. Mimi sikucheka. Nikamgeukia Bi Mwanahawa.

"Elfu hamsini. Kazi na vifaa vyote humo humo. Isipopanda Shusha na mzigo mgongoni, hunipi hata senti."

Deo akanivuta shati. "Fundi, hujafungua hata boneti!"

"Boneti ni ya kufunguliwa na wasiojua," nikamjibu. Kisha nikaifungua.

Kwenye puli nikakuta alama nne. Nyeupe, nyekundu, njano na buluu, zimetawanyika kama vidole vya mkono. Mafundi wanne, kila mmoja na sahihi yake, na hakuna mbili zilizokubaliana. Niliunganisha taa, nikaifuata nyeupe: injini ikawa nzito. Nikaifuata njano: ting-ting-ting. Nyekundu na buluu zilikuwa mbaya zaidi. Nikachukua kitambaa, nikakilowesha petroli, nikazifuta zote.

"Sasa umefuta ramani!" Deo akapiga kelele.

"Ramani nne za nyumba moja, kila moja inakupeleka kwa jirani tofauti. Niletee njiti ya ufagio."

Nilifungua plagi ya kwanza, nikaweka kidole gumba kwenye tundu, Deo akazungusha injini kwa spana. Upepo ukikisukuma kidole, unajua pistoni inapanda na zamu ya kuchoma inakaribia. Hapo nikaingiza njiti ya chelewa, mbichi ili isivunjike, nikaisikilizia kwa vidole ikipanda, ikipanda, mpaka ikasimama. Pale ndipo juu kabisa. Hiyo haina rangi wala haina fundi, hiyo ni injini yenyewe inasema. Nikatia alama yangu ya kijani kwenye puli, nikatoa karatasi ya sigara, nikaweka pointi, nikawasha, nikamalizia kwa sikio. Mashine ikalia kama siku ile Kisarawe. Deo akanyamaza. Nikamwambia anyamaze zaidi.

Alhamisi tukapakia magunia ya mchanga, tukaenda Shusha, mimi na Bi Mwanahawa kwenye usukani. Tuliingia kilima kwa nguvu, na sikusikia hata kokoto moja. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia Mussa. Katikati ya kilima mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka, pikapu ikasimama.

Vijana wale chini wakaja mbio.

"Bi Mwanahawa, karibu mama! Leo umekuja na fundi? Naye tumbebe?"

"Huyo mzito," mwingine akasema. "Huyo tunamhesabu gunia mbili."

Bi Mwanahawa hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye usukani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, nimwambie Mussa aje na gari la kuvutia?"

"Jumamosi haijafika, dada."

Injini ilipopoa nikafungua tena plagi, nikaingiza tena njiti. Pistoni juu kabisa. Nikatazama puli: alama yangu ya kijani, niliyoitia mwenyewe kwa mkono wangu, ilikuwa imehama upana wa kidole kizima. Distributa sikuigusa. Nati haikulegea. Sitasema nilishangaa. Nitasema tu kwamba nilikaa chini kwenye vumbi kwa muda.

Puli ya gari lile ina vipande viwili: kitovu cha ndani kinachofungwa kwenye injini, na pete ya nje inayobeba mkanda na alama. Katikati yao pamebandikwa mpira wa kupunguza mtikisiko. Mpira ule ulikuwa umekufa. Kwenye tambarare pete ilishika, kwenye kilima ikateleza. Ikiteleza, mkanda unalegea mwendo, feni na pampu ya maji zinalala, injini inachemka. Na kila ikiteleza, alama inahama. Mafundi wale wanne hawakuwa wajinga. Wa kwanza alitia alama sahihi siku yake, kisha kilima kikaisogeza, na kila aliyefuata akapima moto kwa alama iliyokwisha kuhama, akatia yake juu ya kosa lile. Huko ndiko kugonga na kuchemka alikokusema Bi Mwanahawa, magonjwa mawili kutoka mpira mmoja.

Kwa hiyo ilihitajika puli nzima. Ijumaa asubuhi nilizunguka maduka yote ya Kibaha, nikapiga simu Dar kwa kila muuza spea ninayemjua. Kila mmoja alinicheka: gari hilo bado lipo barabarani? Deo akapendekeza tuchomee pete kwenye kitovu kwa welding. Nikamkatalia. Ungechomea, ingeshika leo, lakini puli ikichomelewa haizunguki sawasawa, inapigapiga, na mtikisiko wote unaingia kwenye krenki, ule mhimili mkuu wa injini. Tungemvusha Jumamosi, tumuue mwezi unaofuata. Mimi sikutengeneza gari la kuvuka Jumamosi.

"Basi imebaki moja tu," akasema Deo huku anatazama pembeni. "Kwenye yadi ya Mussa. Ipo mifupa ya pikapu kama ile. Nimeiona, puli iko mbele bado."

Nikapanda bodaboda mpaka Mlandizi. Mussa alikuwa kivulini, anakunywa chai, mizani iko pembeni yake kama mtoto mpendwa.

"Fundi wa mafundi! Nilijua utakuja. Deo alipita hapa mwezi uliopita, aliitazama ile mifupa kama anaitongoza."

"Niuzie puli."

"Puli siuzi."

"Unauza nini?"

"Gari."

"Mussa, lile si gari. Injini yake imebaki nusu, halina milango, kuku wako wametagia kwenye siti."

"Kuku watashuka." Akamimina chai nyingine. "Sikiliza, ndugu yangu, mimi si mtu mbaya. Nikikuuzia puli, kesho nakosa pikapu ya Bi Mwanahawa. Nilishaihesabia. Kwa hiyo unalipa puli, na unalipa pikapu ninayoikosa. Nimekupunguzia, maana nimekuuzia zote mbili kwa bei ya moja."

Akataja bei. Nilikuwa na hela benki ya kupaulia vyumba viwili vya kupangisha, mbao nimeshaagiza. Tulibishana mpaka chai ikaisha na ikachemshwa nyingine. Nilimtishia kuondoka, nikaondoka kweli mpaka barabarani, nikarudi. Alipunguza kidogo, kisha akagoma kabisa.

Ningeweza kumwambia Bi Mwanahawa aongeze. Mtu yeyote angeelewa. Lakini nilikuwa nimesema vifaa vyote humo humo, nimesema mbele ya watu, na nilisema kwa sauti. Nikalipa, nikanunua mifupa yote ili nipate puli moja.

Tulifunga puli ile Ijumaa jioni, mpira mzima, pete haichezi. Njiti, alama, karatasi, sikio. Jumamosi alfajiri nilikuwa Chole, magunia ya mihogo yanapakiwa, na Bi Mwanahawa anazunguka gari akikagua kamba kana kwamba kamba ndizo zilizokuwa na tatizo. Nilimwambia, "Leo endesha wewe, mimi nasikiliza."

Pale Shusha vijana walisimama walipoona vumbi. Mmoja alishavua shati. Bi Mwanahawa akaingiza gia ya pili, akapita katikati yao bila kupunguza.

"Mama, simama tushushe!"

"Shusheni mikono yenu!" akajibu dirishani.

Nilikuwa nimefumba macho. Injini ikazama, ikabeba, ikashika. Ingelia hata kokoto moja ningeisikia. Feni ilivuma mwendo mmoja mpaka juu. Mshale wa joto ulikaa katikati kama umepigiliwa msumari. Tulipofika kileleni Bi Mwanahawa alishika usukani kwa nguvu tu, machozi yanashuka, anaendesha. Mimi nikatazama nje dirishani, maana mwanamke anaendesha vibaya akijua anatazamwa.

Kibaha mnunuzi alikuwa anafungua lango. Aliangalia saa, akaangalia mihogo, akasema neno moja: "Teremsheni." Mussa alikuwa amekuja na mizani yake. Alitazama radieta, akaigusa kwa mgongo wa mkono, akakuta ni ya kawaida. Akanipa mkono.

Bi Mwanahawa alinilipa elfu hamsini, akazihesabu mara mbili mbele ya watu ili isisemwe.

"Puli umeipata wapi, fundi?"

"Dukani."

"Bei gani?"

"Iko ndani ya hizo hamsini, dada."

Sasa spana nimeweka chini. Uzee bado, nywele zangu bado ni nyeusi, ila mgongo umekataa kulala chini ya gari. Gereji anaiendesha Deo, na mimi nakaa langoni nasikiliza yanayoingia. Bado namwambia ugonjwa kabla gari halijasimama, na bado hapendi. Naona kompyuta zikija, naona distributa zikiondoka, sina ugomvi nazo. Ninachowaambia ni kimoja: alama ya mtu mwingine iheshimu, isome, kisha itafute juu kabisa kwa mkono wako mwenyewe. Hata alama yako ya jana usiiamini kabla hujaigusa leo. Na ukishatamka bei mbele ya mwenye gari, ibebe mpaka kileleni, hata kama vyumba vyako vitakaa bila bati msimu mzima wa mvua, kama vyangu vilivyokaa.

Mke wangu ameniuliza miaka yote puli ile ilikuwa bei gani. Deo ameniuliza. Vijana wa gereji wamewekeana dau. Mifupa iliyobaki niliirudisha kwa Mussa, naye akainunua tena, safari hii kwa kilo, kwa mizani yake mwenyewe. Nikitoa hizo alizonirudishia, na nikitoa elfu hamsini za Bi Mwanahawa, na nikijumlisha bodaboda, petroli ya majaribio na karatasi moja ya sigara, kazi ile ilinigharimu shilingi laki saba, elfu thelathini na nane na mia tano.